Kijiti cha Baba kwenye Kinanda cha Kigango

Mashine yangu ya kukoboa mpunga ikiwashwa asubuhi, mimi hukaa nimeegemea ukuta, na ule mngurumo huniingia mgongoni mpaka meno yanatekenyeka. Hapo hapo namkumbuka Mjerumani. Sisemi mtalii. Nasema mtunga muziki, aliyekufa zamani sana, ambaye mimi, mtu wa darasa la nne, nilimfahamu kabla ya watoto wote wa Mpanda. Msinibishie.

Ilikuwa miaka ya sabini, kwetu Kakese. Baba alikuwa mrina asali, na pia mwalimu wa kwaya ya kigango, kanisa letu dogo la kijijini. Basi masikio yakaanza kufa. Mwaka wa kwanza tulidhani ana dharau. Wa pili, ukimwita anaendelea kula ugali wake. Lakini kwenye mizinga hakukosea. Anauma kijiti, ncha ya pili anaigusisha kwenye mzinga, anafumba macho. "Wamo," anasema. Na kweli nyuki wamo.

Shida ilikuwa kwaya. Mzee Sebastiano, mzee wa kanisa, alitaka mpwa wake aishike. Akasema mbele ya watu, "Kiziwi atafundisha nini? Atufundishe kunyamaza?" Watu wakacheka. Baba naye akatabasamu pamoja nao, kwa vile hakusikia. Tabasamu lile liliniuma kuliko viboko vyote nilivyochapwa shuleni, na nilichapwa vingi. Ikaamuliwa Jumapili baba ajaribiwe, akishindwa, aachie.

Jumamosi, siku moja kabla, padri alipiga santuri barazani kwake, nasi watoto tukajazana. Muziki ulianza kama mgambo anavyobisha mlango: mara tatu za haraka, ya nne ya kukaa. Halafu vyombo vyote vikaamka, nywele zikanisimama. Padri akatuambia aliyeutunga alikuwa Mjerumani, na masikio yake yalianza kuziba akiwa bado kijana, ila hakuacha. Alikuwa anauma kijiti, ncha anaigusisha kwenye piano, muziki unapanda kwenye mifupa.

Sikungoja amalize. Nilikimbia hadi nyumbani, nikamwonyesha baba kwa mikono: kijiti, meno, kinanda, Mjerumani. Mjerumani nilimwonyesha kwa pua ndefu. Baba alinitazama, akamtazama mama, akacheka mpaka machozi.

Jumapili, baada ya misa, padri akakaa kwenye kinanda cha kukanyaga. Baba akauma kijiti, akakigusisha kwenye mbao, akainua mkono. Kwaya ikaanza. Nikashika shati langu kwa mikono miwili. Kwenye ubeti wa pili, sauti ya tatu wakaharibu makusudi, walikuwa wamepangwa na Mzee Sebastiano. Baba akakata wimbo hapo hapo.

"Nyie wa sauti ya tatu," akasema, "nani kawaambia mlale kanisani?"

Kigango kizima kikalipuka. Mama wa watu mmoja alipiga vigelegele mbele ya altare. Baba aliongoza kwaya miaka tisa mingine, na mimi nikatamba: mimi na Mjerumani ndio tumemwokoa mzee.

Siku tulipomaliza matanga ya baba, nilisimulia tena, kwa mbwembwe zangu zote. Mama akanisikiliza hadi mwisho.

"Kijiti kilimpa mtetemo tu, mwanangu, kama lori limepita. Mimi nilikuwa safu ya mbele ya kwaya. Sauti ikiharibika, namwonyesha kwa vidole juu ya kitabu, ni sauti ya ngapi. Tulikuwa tumefanya hivyo mwaka mzima kabla ya Jumapili ile."

"Sasa kijiti cha nini?"

"Wangekubali masikio ya mwalimu wao yawe mke wake? Halafu ulikuja unahema vile, umefurahi. Baba yako akasema, mtoto kaleta dawa, tuitumie."

Mimi husema nimejenga kila kitu peke yangu, sikushikwa mkono na mtu. Siku ile nilikaa pembeni ya mama, kwenye mkeka, nikiangalia vidole vyake vilivyopinda, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kutambia.