Karatasi ya Alama na Fundi wa Barafu

Nilirudi Unguja na diploma mkononi, na sioni sababu ya kulifanya hilo kuwa jambo dogo. Baba yangu alikuwa mbebaji wa magunia ya karafuu bandarini, na mgongo wake ulikuwa umeshapinda kabla mimi sijajua kusoma. Nilitoka mtaani kwetu Ng'ambo peke yangu, nikapanda meli kwa kazi ya kuosha vyombo, nikasoma ugenini miaka minne huku nikiendelea kuosha sahani za watu, nikarudi na karatasi yenye mhuri mwekundu inayosema nimefuzu elimu ya uendeshaji wa ofisi na uajiri wa wafanyakazi. Mtaani kwetu hapakuwa na mwingine mwenye kitu kama hicho. Mama aliitia kwenye fremu ya kioo akaitundika ukumbini, na majirani waliokuja kunipa mkono walikwenda kuitazama hiyo kwanza, mimi baadaye.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi. Mafundi wengi walikuwa wameondoka, wengine walikuwa wakija kutoka kila upande wa dunia, na wengine walikuwapo siku zote lakini ghafla wakaonekana kuwa ni wageni, kwa kuwa walizaliwa Lamu au Ngazija au Bombay na hakuna aliyewahi kuwauliza. Wote hao sasa walitakiwa wawe na kibali cha kazi. Nami, sijamaliza hata kugawa zawadi nilizokuja nazo, nikapewa meza katika ofisi ya vibali, ghorofa ya pili ya nyumba moja ya Shangani, chini ya feni isiyozunguka. Siku ile ya kwanza nilipanda ngazi mbili mbili. Ningeweza kuzipanda tatu tatu, lakini suruali yangu ilikuwa mpya.

Asubuhi ile nilikaa kimya nikatazama vibali vinavyotolewa, na nilibana kicheko mpaka mbavu zikaniuma. Wazee watatu walikuwa kwenye benchi wanakunywa kahawa. Mwombaji akiingia, mmoja wao huuliza, huyu nani anamjua? Ikiwa yupo anayemjua, au anayemjua mjomba wake, au aliyewahi kukaa naye sinia moja arusini, kibali kinatoka. Ikiwa hapana, anaambiwa arudi wiki ijayo, na ikifika wiki ijayo mara nyingi alikuwa ameshapatikana wa kumjua. Wahandisi walipita pale, na wauguzi, na mafundi cherehani, wote kwa swali lile lile moja.

Nilirudi nyumbani, nikala, nikachukua rula, nikachora karatasi ya alama.

Lazima niseme kweli, ilikuwa karatasi nzuri. Ilikuwa na safu ya vyeti, safu ya miaka ya kazi, safu ya umri, na ya mwisho, yenye alama nyingi kuliko zote, niliipa jina la ustadi kwa maelezo ya mwombaji mwenyewe. Nani anaijua kazi ya mtu kuliko mtu mwenyewe? Ugenini niliulizwa hivyo hivyo nilipotaka kuingia chuoni. Nikajibu kwamba hakuna nisiloliweza, nikatoa mifano, na mingine nikaitunga pale pale, na mlango ukafunguka. Niliamini kila mlango duniani una kitasa cha namna hiyo.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa dereva wa lori kabla ya kupewa ofisi, mtu mpana, mwenye kucheka kwa tumbo. Aliitazama karatasi yangu juu na chini, akaigeuza, akauliza kama yeye mwenyewe atakuwa hana la kuamua. Nikamwambia atahesabu alama tu, aliyefika nusu apewe, asiyefika asipewe. Akaishika kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Ndugu yangu, nshapata pa kujificha," akasema. "Mashemeji sasa wakagombane na karatasi."

Wazee wa benchi wakaambiwa wakanywee kahawa yao barazani. Mimi nikapewa karani, wino wa rangi mbili, na mhuri wangu mwenyewe. Nilikuwa na furaha ya kuonea aibu. Nilipiga mhuri ule kwenye karatasi tupu mara kadhaa, kusikia tu sauti yake.

Waombaji walipangana kwenye ngazi mpaka barabarani. Wa kwanza alikuwa fundi redio aliyeshuka wiki ile ile kutoka bara. Nilipomwuliza ustadi wake, alisema hakuna redio duniani iliyowahi kumshinda, na zile ambazo hazijatengenezwa bado anazijua. Nilimpa alama mpaka safu ikajaa. Wa pili na wa tatu nao hawakuwa wanyonge wa maneno. Saa nne nilikuwa naruka kutoka kitini kila mmoja akiingia.

Wa tisa alikuwa fundi wa kiwanda cha barafu. Alizaliwa Lamu, akaja Unguja kijana, akaoa Malindi, na tangu sijazaliwa mimi alikuwa yeye ndiye aliyeshika mashine ile. Nilimjua kwa sura, kama kila mtu mjini. Kila Ramadhani watoto tulipanga foleni mlangoni pake na magunia ya kufungia vipande vya barafu ya kutia kwenye sharubati. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba, akakaa ukingoni mwa kiti kama kwamba kiti ni changu na yeye amekiazima.

Cheti hakuwa nacho. Umri ulikuwa mkubwa, na karatasi yangu ilipenda vijana. Nikaona atajiokoa kwenye safu ya mwisho, nikamwuliza kwa upole kama anaijua mashine ya barafu.

"Nababaisha tu, mwanangu," akasema.

Nikamwuliza ikiharibika anaweza kuitengeneza bila ya msaada. Akasema Mungu akijaalia. Nikamwuliza kwa miaka mingapi ameifanya kazi hiyo, akasema si mingi, siku zinakwenda. Nikamwuliza kama kuna fundi mwingine hapa kisiwani anayemzidi, akasema wote wanamzidi. Nikaandika kila neno kama lilivyo, kwa mwandiko safi, nikajumlisha, akapata alama kumi na tisa katika mia.

Nikampigia mhuri wa kukataliwa. Maana yake ilikuwa wiki mbili afungashe, arudi Lamu, ambako hakubakiwa na mtu, na mke na wajukuu wabaki Malindi. Akaisoma karatasi, akaikunja kwa mkunjo mdogo sana, akasema inshallah kheri, akanishukuru. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Najua sasa namna hilo linavyosikika, lakini siku ile nilikuwa na furaha: mara ya kwanza katika mji huu mtu alikuwa amekataliwa bila ya kuonewa na mtu.

Jioni nilimkuta mama ukumbini anachambua mchele. Habari ilikuwa imeshamfikia kwa njia ya kisimani. Hakunitazama. Aliniuliza tu, huyo mzee wa barafu ustadi wake nilimwuliza nani. Nikamwambia nilimwuliza mwenyewe, nimwulize nani mwingine?

"Ulitaka mtu mzima akae mbele yako ajisifu?" akasema. "Kama wewe?"

Nikaanza kumweleza safu za karatasi. Akanikatiza kwa kuinua mkono wenye ungo.

"Sikiliza, we msomi wangu. Fundi akija hapa akanambia anajua, mimi nnafunga mlango. Akinambia anababaisha, nnamwekea chai."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, kwa sababu kichwani mwangu karatasi zote za siku ile zilianza kujipanga zenyewe. Asubuhi nilifika ofisini kabla ya mfagiaji, nikazitandaza sakafuni. Kila aliyelelewa katika mji huu, wa Lamu, wa Ngazija, wa Bombay aliyekulia Kiponda, alikuwa amejishusha mpaka chini ya zulia. Kila aliyefika jana kwa meli alikuwa stadi wa ulimwengu. Fundi redio wangu, niliambiwa na karani njiani, alikuwa ameshaunguza redio ya mkahawa mmoja wa Mkunazini mbele ya wateja. Nilikaa pale sakafuni peke yangu nikacheka mpaka mfagiaji akaingia akaniuliza kama nnaumwa. Nilikuwa nimetengeneza chombo cha kuwatafuta watu kama mimi, na kilifanya kazi vizuri mno.

Mtu mwingine angeitupa karatasi ile. Mimi sikusoma miaka minne ili nitupe karatasi. Nilichukua wino mwekundu, nikaifuta safu ya mwisho, nikaandika upya: ustadi, kwa maelezo ya fundi mwenzake wa kazi hiyo hiyo, na ikiwezekana awe hasimu wake.

Mkubwa wangu alisoma akakuna shavu. Akasema hasimu atamwangamiza mtu. Nikamwambia hasimu atamtukana, na matusi ndiyo ninayoyataka, kwa kuwa tutatazama yanaangukia wapi. Akasema mhuri umeshapigwa na wiki mbili zinahesabika. Kama nina ushahidi mpya niulete kabla hazijaisha, la sivyo mzee anaondoka na karatasi yangu inakwenda kufungia karanga.

Hasimu nilimpata bila ya kutafuta. Alikuwa Mtumbatu mmoja, mtu wa kisiwa cha Tumbatu, aliyeendesha mashine ya kukamulia mafuta ya nazi, jirani na kiwanda cha barafu. Yeye na mzee wa Lamu walitaniana kwa miaka mingi, kwa utani ule ambao watu huacha kazi wakaja kusikiliza. Tena kila mtu alijua kwamba kiwanda cha barafu angekitaka yeye. Nilipomwita alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, kama anayekwenda kuposa. Mzee wa Lamu nilimkalisha upande wa pili. Fomu mpya zilikuwa zimechelewa kwa mpiga chapa, kwa hiyo siku ya mwisho ya wiki mbili ilikuwa ndiyo hiyo, na mkewe alikuwa chini kwenye ngazi na mashemeji wawili, mmoja ameshika sanduku.

Nikamwambia Mtumbatu aseme lote alijualo. Hakungoja kuambiwa mara mbili.

"Tazama kwanza anavyotembea," akasema. "Kama kakanyaga yai. Kofia kashonewa na mkewe, na mkewe haoni vizuri, ndiyo maana aliolewa naye. Akiinua sauti maulidini, watoto wachanga wanaamka mpaka Funguni. Na uchoyo! Mtu ana mlima wa barafu, ukimwomba kipande cha kutia kwenye maji anakuuliza kiu hiyo imeanza lini."

"Hilo la sauti kweli," akasema mzee wa Lamu.

"Sijakupa nafasi ya kusema, we mtu wa Lamu. Nyinyi mkipewa nafasi mnadai hata bahari mlichimba nyinyi."

Karani alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yanamtikisika. Mkubwa wangu alikuwa amekuja kusimama mlangoni, amejishika tumbo. Niliandika kila kitu: mwendo, kofia, sauti, uchoyo. Halafu nikauliza, na mashine je?

Mtumbatu akakunja mikono ya kanzu. Akatazama dirishani, akamtazama mwenzake, akanitazama mimi kwa hasira, kama kwamba nimemchezea rafu.

"Mashine," akasema. "Sasa unataka niseme uongo mbele ya serikali?"

Nikamwambia aseme atakavyo. Akavuta pumzi.

"Alipolazwa hospitali mwaka ule, nilikwenda kuishika mimi. Siku moja. Ile gesi ya amonia ilinitoa machozi, nikatoka mbio mpaka kwangu. Yeye anaweka bisibisi sikioni, ncha kaigusisha kwenye chuma, anasikiliza kama daktari, anakwambia kitavunjika nini kesho kutwa. Na kinavunjika. Kinu changu mimi kikigoma, nnamwita nani? Nnamwita huyu. Anakuja, ananitukana, anakitengeneza, anaondoka." Akafuta uso. "Haya. Nshasema. Mmefurahi?"

Hakuna mwombaji aliyewahi kujazwa safu yangu kama mzee wa Lamu alivyojazwa pale. Nilijumlisha mara mbili kwa raha tu. Mkubwa wangu aliichukua karatasi ya kukataliwa, akaufuta mhuri wake mwenyewe kwa kalamu, akaagiza kibali kipya kiandikwe pale pale. Mimi nilikuwa nimeshanyanyuka, natamani kumkumbatia kila mtu, pamoja na feni.

Kikaja kibali. Chini yake, kama nilivyoipanga fomu mwenyewe, palikuwa na mstari mmoja wa kutia saini: nathibitisha kwamba mimi ni fundi stadi wa kazi iliyotajwa hapo juu. Mzee wa Lamu akausoma, akaiweka kalamu chini.

Akasema hawezi. Nikamwambia ni maneno ya fomu tu. Akasema ndiyo, lakini saini ni yake, na yeye hakuwahi kusema hivyo hata kwa mkewe. Mkubwa wangu akamsihi. Karani akamsihi. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, na ofisi ilitakiwa ifungwe, na siku ile ikipita kibali hakina maana tena. Mzee alikaa na mikono magotini, mpole, hasogei. Niliona diploma yangu yote inazama katika adabu ya mtu mmoja.

Mtumbatu akasogeza kiti chake mezani, akaivuta karatasi kwake.

"Nipe mimi kalamu," akaniambia. "Mimi sina haya. Nitasema mimi ndiye stadi, na kesho asubuhi nitafungua mashine ile nione ndani mna nini."

Mzee wa Lamu aliinyakua kalamu kabla sijaona mkono wake unakotoka. Alitia saini kubwa, ya kugandamiza, mkia wake ukavuka ukingo wa karatasi ukaingia kwenye ubao wa meza yangu, na mkubwa wangu akapiga mhuri juu yake wino haujakauka. Kisha wote wawili wakashuka ngazi, mzee mbele na Mtumbatu nyuma, na tuliokuwa juu tulisikia wakitukanana mpaka walipomfikia mke wa mzee chini, na yeye akaanza kuwatukana wote.