Mipira Haioshwi na Mtu Mmoja

Nawaambia, siku zile za mzee Hatibu zilikuwa na utamu wake, hata kwa watu wa zimamoto ambao kazi yao ni kukimbilia mahali wenzao wanapokimbia. Hatibu alikuwa dereva wa gari lao, Mrangi wa Kondoa, mtu wa utani na kahawa ya tangawizi. Alikuwa na sharti moja: wakirudi kutoka kwenye moto, haondoki mtu kabla mipira ya maji haijaoshwa. Tena wanaosha wawili wawili, mmoja huku, mwenzake kule, polepole, wakipapasa kutafuta kitundu. Kila mmoja anataja anachokigusa. Mengine yangoje.

Ludovick wa Lemara, kijana wa Kichaga mwenye haraka zake, aliona ni mambo ya wazee.

Kisha ikaja ile nyumba ya Njiro iliyoshika moto. Ukuta mrefu, geti limefungwa, nondo kila dirisha. Walikata nondo, wakaingia, lakini walikuwa wamechelewa. Ndani alikuwemo bibi mmoja, na Ludovick ndiye aliyembeba kumtoa nje.

Waliporudi kituoni alivua mabuti, akayasukumia ukutani.

"Mzee, mimi basi. Kesho nakwenda Nduruma kwa mjomba, nikalime vitunguu."

"Kalime, Mangi," Hatibu alimtania kwa cheo cha machifu wa Kichaga. "Najua utatuuzia sisi sisi, tena kwa bei ya juu. Shika mpira."

"Nitaosha mwenyewe. Niacheni."

"Mipira haioshwi na mtu mmoja. Unagusa nini?"

Ludovick alishika mpira, akasugua tu.

"Mangi, si nakuuliza? Unagusa nini?"

"Maji."

"Ya moto?"

"Ya baridi! Maji yanatoka Mlima Meru, mzee, lini yakawa ya moto?"

"Haya. Twende."

"Mchanga. Hapa kokoto. Hapa pamechubuka..." Mikono ikasimama. "Mzee, alikuwa mwepesi. Yule bibi. Mwepesi kama mtoto."

Akalia, maji yakimchuruzika viganjani. Hatibu hakumwambia jikaze wewe ni mwanaume. Alishikilia upande wake wa mpira, akangoja.

"Wangu mimi niliyembeba alikuwa fundi seremala," alisema baadaye. "Wewe ulikuwa hujaajiriwa bado. Mpaka leo nikisikia randa, namkumbuka."

"Sasa unaishije naye, mzee?"

"Namtaja. Nikimficha ndio ananikalia kifuani. Ukifika nyumbani, mtaje wako kwa mkeo."

Wakamaliza mpira ule, wakashika mwingine.

Hatibu alishastaafu, amerudi kwao Kondoa. Wanaomkumbuka wanasema kahawa ya kituoni haijawahi kurudia ladha ile, na mimi niliyeionja nawaunga mkono. Lakini nisiwapoteze, tulikuwa na Ludovick.

Jioni ile alifika nyumbani, mkewe Agnela yuko jikoni anasonga ugali. Kwa kawaida mume angesema "kazi nzuri tu," akafungulia redio. Safari hii alivuta kigoda.

"Agnela, leo nimembeba bibi wa watu. Alikuwa ameshafariki."

Agnela aliweka mwiko chini, akaepua sufuria, akaketi chini kando yake. "Nisimulie," alisema. Akamsimulia yote, toka getini hadi vitunguu vya mjomba. Ugali ukapoa, wakaula hivyo hivyo.

Kulipokucha Agnela alimwona anatafuta soksi.

"Ndio safari ya kwa mjomba?"

"Niko zamu," Ludovick alijibu. "Nikirudi nitakuwa na ya kusimulia. Usilale."