Uwanja Ndani ya Chumba cha Kushonea

Wewe unadhani uwanja wa gofu ni wa nani? Wa anayelipa ada, au wa anayeamka kabla ya jua kuchomoza akaukata nyasi?

Usijibu haraka. Kijani, aliyepewa jina hilo na wenzake kazini kwa sababu viatu vyake havikuwahi kuwa na rangi nyingine, aliendesha mashine ya kukatia nyasi za uwanja mmoja tangu ujanani mpaka mvi zikamwingia, na miaka yote hiyo hakuruhusiwa kupiga mpira hata mmoja. Kanuni ya klabu ilikuwa wazi: mfanyakazi anatunza, mwanachama anacheza. Kanuni ya ovyo kabisa, lakini kazi hiyo ndiyo iliyomweka mjini.

Hakuwa na kinyongo. Alichokuwa nacho ni udadisi, tena ule wa kumkosesha mtu raha. Akiwa juu ya mashine yake aliwaona watu wazima wenye vitambi wakipinda mgongo, wakitikisa makalio, kisha wakirusha mpira mpaka usionekane, naye akajiuliza: wangu ungefika wapi? Swali dogo tu, ila lilimwandama kama inzi.

Kwa hiyo mwanachama mmoja alipohama na kumwachia mashine ya kuchezea gofu ndani ya nyumba, Kijani aliileta kwake kama mtu aliyebeba mayai. Kulikuwa na projekta, laptopu, kipande cha nyasi bandia, fimbo moja, na kiboksi chenye kamera cha kuweka kando ya mpira. Skrini ya kupigia ndiyo haikuwepo. Ilichanika zamani.

Mkewe ni fundi mapazia, na chumba pekee cha nyumba hiyo ambamo mtu angeweza kuinua fimbo bila kutoboa dari kilikuwa chake cha kushonea. Kijani alimzungukazunguka wiki nzima.

"Jumamosi, basi," mkewe akakubali. "Lakini ukivunja kitu changu hata kimoja, hiyo mashine inatoka na haturudii mazungumzo haya."

"Havunjiki mtu wala kitu, mama."

"Na skrini nashona mimi. Sitaki matambara yaning'inie mahali ninapopokea wateja."

Akashona kweli. Alichukua turubai jeupe zito, akalipiga pindo mara mbili, akatia viringi vya chuma pande zote, akalifunga kwa kamba kwenye fremu ya mabomba. Kamba alizikaza kwa goti. Wateja walimfuata kutoka mitaa ya mbali kwa sababu moja: pazia lake halikuwa na mkunjo, na hili hakutaka liwe la kwanza.

Mdogo wake wa kiume, fundi umeme, ndiye aliyekuja kuunganisha nyaya. Aliligonga turubai kwa kidole, likadunda.

"Dada, hapa umeshona ngoma."

"Ndivyo kazi inavyotakiwa. Wewe shughulika na nyaya zako."

Projekta ikawaka, na uwanja mzima ukajitandaza mbele ya cherehani: mteremko, bwawa, bendera ndogo kule mwisho. Kijani akasogea akakagua.

"Nani kakata nyasi hizi?"

"Kompyuta, shemeji."

"Haijui kazi. Pembeni imeacha."

Mkewe alikuwa ameshaweka mkasi chini. Aliuzunguka ule mpira mdogo, akakitazama kiboksi, akalitazama turubai. "Hebu nieleze. Mpira ukigonga hapa unaanguka hapa. Mashine inajuaje ungefika wapi?"

"Inaangalia ulivyoondoka," mdogo wake akasema. "Kasi yake, umeelekea wapi, unazunguka vipi. Yaliyobaki inapiga hesabu."

"Kwa hiyo inabuni."

"Inakadiria, dada."

"Kama wewe ukiulizwa utafika saa ngapi."

Kijani hakuwasikia. Alishasimama kwenye nyasi bandia, miguu imeachana. Akapinda mgongo. Akatikisa makalio, maana aliamini ni sehemu ya mchezo. Akapiga.

Mpira ulitoka sawasawa, ukagonga turubai katikati ya bwawa, na turubai likaurudisha kwa hasira zilezile. Ulipita karibu na sikio la shemeji, ukaenda kupasua kioo kirefu ambamo wateja hujitazama. Shemeji alijitupa chini, akauchomoa waya kwa mguu. Picha ikazimika. Ukutani pakabaki kitambaa cheupe, kimenyooka vizuri sana.

"Imesema ngapi?" Kijani akauliza.

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?" mkewe akamjibu. "Mdogo wangu yuko sakafuni."

"Niko mzima," ikatoka sauti chini ya meza. "Nambari sikuiona, shemeji. Nilikuwa nakufa."

Mkewe akafagia vioo. Alipomaliza akasimama mlangoni na kizoleo mkononi. "Kesho asubuhi itoke."

Kijani hakubisha, maana makubaliano ni makubaliano. Ila usiku ule alilala na swali lake, na sasa lilikuwa baya zaidi: kuna mpira mmoja alioupiga kwa mikono yake, na hatajua kamwe ulikokuwa unakwenda.

Kulipokucha alitafuta kamba ya kufungia maboksi akaelekea kule chumbani. Kabla hajafika akasikia kishindo kizito, kama mto unaoangushwa kitandani. Akachungulia.

Projekta ilikuwa inawaka. Mkewe, bado na gauni la kulalia, alisimama kwenye nyasi bandia ameshika fimbo kama mtu anayekoroga sufuria. Kamba zote alikuwa amezilegeza. Turubai lilining'inia limelegea, mbali na ukuta, bwawa limejikunja, bendera imepinda kama mlevi. Akapiga tena. Mpira ukazama kwenye kitambaa, ukakosa nguvu, ukateleza mpaka sakafuni na kutulia. Haukurudi.

Akainama kusoma laptopu. "Mita thelathini na nane," akajisomea. Kisha akamwona mumewe mlangoni, wala hakushtuka.

Alisogea kwenye turubai. Mkono wake ukaenda wenyewe kuunyoosha mkunjo mkubwa uliokata bwawa, ukafika, ukasita, akaurudisha. Akamnyooshea Kijani fimbo.

"Chukua," akasema. "Kitambaa kimeshaharibika vya kutosha."