Mkono wa Goreth haumo kwenye picha yenu

Siamini bado kwamba jana tulimzika Goreth, kule Kizuka, nyuma ya nyumba ya mama yake. Malaria ya siku nne tu.

Wala siamini nilichokiona leo asubuhi kwenye ukurasa wa ofisi yetu. Picha yake, mshumaa, na maneno "tumepoteza nguzo". Picha yenyewe wameikata. Mkono wake wa kulia haumo.

Huu ni uchafu. Sina neno la adabu zaidi ya hilo.

Kwa msiomjua: Goreth alikuwa programmer. Mimi na yeye tumekaa meza moja miaka mitatu hapa Rumonge, kando ya ziwa. Alikulia ukimbizini Tanzania, familia ikarudi huku, na siku moja akimsaidia mama yake kuchemsha mawese, sufuria ikamwagika. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikukunjuka tena.

Sasa, keyboard zetu ni za Kifaransa. Mabano ya kufunga yako kule mwisho kulia, na mengine lazima ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja. Ukiandika code unayahitaji kila mstari. Kwa mkono ule ilikuwa adhabu.

Ndiyo maana aliipenda ile setting ya editor, programu ya kuandikia code, inayofunga mabano yenyewe. Unaandika bano la kufungua, la kufunga linatokea hapo hapo. Alama za kunukuu vilevile. Sisi wengine hatukumbuki hata kama ipo. Yeye aliitegemea kama mtu anavyotegemea miwani.

"Hamisi, ona," aliniambia wiki yake ya kwanza. "Mimi kazi yangu kufungua tu. Wa kufunga nimemwajiri." Akacheka peke yake dakika nzima.

Na alikuwa na mkono mwepesi, huo huo mnaouonea aibu. Programu yetu ya kuandikisha mitumbwi, kuanzia Gatete mpaka Nyanza-Lac, nusu yake ni yeye.

Mdomo pia alikuwa nao. Siku niliyokula ndagala zake, wale dagaa wa ziwani, bila kuomba, alibadilisha ujumbe wote wa makosa kwenye programu ukawa "Hamisi amekula tena". Mteja mmoja aliuona kabla yangu.

Chef wetu, mkuu wa ofisi, hakuipenda ile setting. Alikuwa anasimama nyuma ya kiti cha Goreth, mikono mfukoni. "Weye unaacha mashini ikufanyie kazi. Mutu wa informatique wa kweli anafunga yeye mwenyewe, na mukono yake."

Kwa mkono wake. Alimwambia hivyo Goreth, mbele ya watu, na watu wakacheka.

Goreth hakugeuka hata. "Sawa, chef. Na wewe kesho acha gari nyumbani, uje kwa miguu." Hapo aliyecheka nilikuwa mimi peke yangu, tena kwa chini.

Mwaka jana ikatoka nafasi moja ya mkataba wa kudumu. Goreth alikuwa anaishi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Aliitaka ile nafasi kuliko mtu yeyote, kwa sababu inakuja na kadi ya matibabu. "Nataka siku nikiumwa niende moja kwa moja kwa daktari, nisianze kujipima kwanza kama naumwa vya kutosha," alisema.

Tukapewa test ya muda wa saa mbili, kwenye kompyuta za ofisi. Kwenye kompyuta zote ile setting ilikuwa imezimwa, na Goreth hakuambiwa.

Vidole vya Goreth vilishazoea. Vilifungua, vikaenda mbele, vikafungua tena. Alipoinua macho, ukurasa mzima ulikuwa na mabano ya kufungua tupu. Akaanza kurudi nyuma kuyafunga moja moja, mkono wa kushoto ukivuka keyboard nzima. Muda ukaisha. Programu haikuwaka kabisa.

"Unaona?" chef akasema. "Bila mashini, weye hakuna kitu."

Nje, Goreth aliniuliza, "Hamisi, ile kompyuta ilikuwa na nini? Au ni mimi nimeishiwa uwezo?"

Nikamwambia, "Siku zingine huwa hivyo, dada." Hayo ndiyo maneno niliyopata.

Nafasi akapewa mtu mwingine. Homa ilipomshika Alhamisi iliyopita, Goreth alinunua vidonge dukani, akasema atakwenda hospitali ikizidi. Jumatatu alikwenda amebebwa.

Leo chef anaandika "nguzo". Na nyinyi mnaoweka mioyo na "pumzika shujaa" chini ya ile picha, wengi wenu mlikuwa mle ndani. Mlicheka. Mmeukata mkono kwenye picha kwa sababu unawatazama.

Lakini uchafu mkubwa kuliko wote ni huu, na ni wangu.

Kompyuta za test niliziandaa mimi. Chef aliniita asubuhi ile: "Ile kitu yake uzime kwa mashini zote, kusudi iko sawa kwa watu wote." Nikazima, moja baada ya nyingine. Nilijua vizuri kabisa nani ataumia. Nami nilikuwa kwenye orodha ya kufanya test.

Aliyepata nafasi ni mimi. Kadi ya matibabu iko mfukoni mwangu ninapoandika haya.

Goreth dada yangu, hukuishiwa. Tulikaa meza moja mwaka mzima baada ya siku ile, ukanigawia chakula chako, na sikukuambia. Kabla ya kuandika hapa nilikwenda Kizuka nikamwambia mama yako kila kitu. Hakunitukana. Alinisogezea kiti, akarudi kuchambua mchele wa wageni, na hakunitazama tena mpaka nikaondoka.

Lala, Goreth. Lala salama, mbali na sisi.