Ramani Iliyoipaka Kakuma Kijani

Anayewajibika kwa ramani iliyodai kwamba hewa ya Kakuma ni safi ni ofisi niliyoitumikia Lodwar hadi nilipostaafu, na ndani ya ofisi hiyo ni mimi. Mkuu wangu aliiidhinisha. Vipimo vilivyoiharibu nilivileta mimi, nikavidhamini. Nayasema haya mwanzoni kwa kuwa nimechoka kusoma taarifa za serikali ambamo makosa hujitokea yenyewe, kama mvua.

Mwaka wa 2012 tulipewa kazi ya kukadiria moshi na vumbi laini katika hewa ya Turkana. Mashine ya kupimia ilikuwa moja, ya kubebwa mkononi, na Turkana si nchi ya kumalizwa kwa mashine moja. Pengo hilo lilizibwa na kompyuta. Mwenzangu ofisini, mtaalamu wa hesabu, aliilisha habari za upepo, joto, picha za satelaiti na wingi wa meko, nayo ikatoa makadirio ya kila mahali, hata Lokiriama ambako hakuna aliyetumwa. Baadaye aliipa vipimo vyangu. Pale kipimo na makadirio vilipopingana, kompyuta iliyavuta makadirio kuelekea kipimo, ikavuta na ya maeneo ya jirani. Iyavute kwa nguvu kiasi gani? Hilo lilitegemea jinsi kipimo kilivyoaminika, na aliyepaswa kusema ni mimi.

Mwenzangu alikuja mezani pangu na kiti chake, ishara kwamba mambo yalikuwa marefu.

“Mzee, kuna ubishi hapa. Kompyuta inasema Kakuma kuna moshi mwingi. Mashine yako inasema hewa ya huko ni safi kuliko hii yetu ya Lodwar. Nimwamini nani?”

“Amini mashine. Hiyo kompyuta yako haijawahi kunywa chai Kakuma.”

“Kwani wewe umekunywa?”

“Nimekunywa, na nikaongezewa.”

Ofisi nzima ilicheka. Nami, nikiwa bado nafurahia mzaha wangu, niliandika kwamba vipimo vya Kakuma viaminiwe kwa kiwango cha juu kabisa. Makadirio yakashuka. Kakuma ikapakwa kijani, rangi ya hewa safi.

Ramani ile haikuwa pambo la ukutani. Ndiyo iliyotumika kuamua ni shule zipi zijengewe kwanza majiko mapya yenye dohani, mbali na madarasa. Nilikuwa nikipimia katika shule moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambako jiko lilikuwa kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa darasa. Mpishi wake mkuu, mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikuwa na kifua kibovu na alikwisha kuomba jiko lihamishwe. Ombi lake lilikataliwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba eneo hilo halina tatizo la hewa.

Katika utumishi wangu wote sikuwahi kufika mahali pa watu bila taarifa. Niliiona kuwa adabu ya kazi, na hata sasa sijui niiite nini kingine. Siku moja kabla ya safari nilimpigia simu mwalimu mkuu. Kila nilipofika nilikuta ua umefagiliwa, ardhi imelowa, jiko kimya, na viti vimewekwa kivulini. Niliwasha mashine, nikanywa chai, nikaizima, nikaaga. Nilijiambia kwamba shule hii inajua usafi.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2013 nilikuwa njiani kwenda Lokichoggio kwa shughuli nyingine, gurudumu likapasuka Kakuma. Mtandao ulikuwa umepotea, kwa hiyo sikuweza kumpigia mtu. Dereva alipokuwa akitafuta wa kuziba, nilitembea hadi shuleni na mashine yangu. Nilikuta kuni za mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa huko, zikiwaka chini ya masufuria makubwa na moshi ukipita madirishani mwa darasa kana kwamba nao umeandikishwa. Upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi la ua. Niliwasha mashine. Tarakimu zilipanda hata nikaigonga ubavuni, nikidhani imeharibika.

Mama mpishi alitoka akijifuta macho kwa kitenge, akaniona, akashika kiuno.

“Mzee! Leo umekuta sisi na nguo ya kulala!”

“Siku nyingine huwa mnafanyaje, mama?”

“Wewe mgeni! Mwalimu nasema mzee wa Lodwar nakuja, sisi napika asubuhi mapema, nazima moto, namwaga maji chini. Utakula vumbi namna gani, na wewe mtu mkubwa?”

“Maji mnayatoa wapi?”

“Pale bombani, foleni. Lakini mgeni ni mgeni.” Alikohoa kwa muda mrefu, mkono mmoja ukutani, kisha akauliza, “Hiyo mashine nasema nini leo? Sasa jiko itahama?”

Nilimwambia itahama. Sikuwa na mamlaka ya kusema hivyo. Nilisema kwa sababu walikuwa wamemwaga maji yao ya kunywa ili nisipate kujua wanachopumua, na wakafanya hivyo kwa heshima yangu.

Niliporudi Lodwar nilimweleza mwenzangu. Hakucheka. Alisema kompyuta ilikuwa imekaribia ukweli kabla hatujaisahihisha. Kwamba kama tungeshusha imani ya vipimo vile, ingerudi yenyewe ilikokuwa. Ni kazi ya asubuhi moja. Tulikwenda pamoja kwa mkuu wetu.

“Ramani imeshatoka,” alisema mkuu. “Mkiibadilisha leo, kesho tutaambiwa hatujui kazi.”

“Bwana mkuu, hatukuijua,” nilisema.

“Basi wewe usiijue peke yako.”

Baada ya uchaguzi wa mwaka huo serikali ya kaunti ilianza kazi. Niliwasilisha upya ombi la kuisahihisha ramani. Ofisi mpya ilisema ramani ni ya ofisi ya zamani. Ofisi ya zamani ikasema majukumu yamehamishwa. Mama mpishi aliacha kazi kabla mwaka haujaisha, kwa kuwa hakuweza tena kuinua sufuria bila kukaa chini. Jiko lilibaki palepale, na mwingine akashika mwiko.

Kwa hiyo nadai rasmi, kwa ofisi zote mbili, kwamba ramani hiyo iondolewe. Kwamba itangazwe hadharani kuwa vipimo vya Kakuma vilichukuliwa baada ya wenyeji kuarifiwa na moto kuzimwa. Kwamba ombi la jiko lifikiriwe upya. Na kwamba mkuu aliyekataa masahihisho aitwe aeleze kwa nini. Nadai pia niitwe mimi, nihojiwe mbele ya wapishi wa shule ile, na majibu yangu yaandikwe.