Miguu Ilipogoma Mlangoni mwa Pango

Saa moja asubuhi, kabla mwanga wa jua haujafika bondeni, mwanamke mwenye buti za mpira anasimama kwenye mdomo wa pango. Ufagio uko begani, tochi mbili kiunoni na ya tatu shingoni. Anakohoa kidogo, kama mtu anayefika ukweni.

"Hodi wenyewe!" anaita.

Popo wanajibu kwa kelele zao nyembamba. Mwanamke anacheka, anakaza mkanda wa kofia yake ngumu na kuanza kushuka. Kila ngazi anaifagia kinyesi kilichoanguka usiku, kisha anapangusa bomba la kushikilia kwa kitambaa kibichi.

"Wageni wanadhani pango linajisafisha," anasema bila kugeuka. "Hawa wenye nyumba ni wachafu jamani! Lakini tutawafanyaje? Kwao ni kwao."

Mjini anajulikana kwa jina moja tu, Mama Tochi. Watoto wa shule ndio waliompa, na siku hizi hata shemeji zake wanalitumia. Kazi yake ni kutembeza wageni katika pango hili, lililo mwendo mfupi kwa basi kutoka katikati ya mji.

Mji wenyewe una kilima cha kutazamia machweo, una bustani yenye bwawa la bata, na una soko la vikapu ambako watu hupiga picha zaidi kuliko kununua. Lakini familia ikipata mgeni kutoka mbali, Jumamosi lazima apelekwe pangoni. Asipopelekwa, hesabu hajafika.

Mama Tochi alifika hapa akiwa muuza chai getini. Siku moja watembezaji walielemewa na wanafunzi, wakamwomba ashike taa mwisho wa msururu. Akashika. Ndani akaona ukumbi mpana wenye jiwe kubwa lililoning'inia kwa mikunjo kama kitambaa, ambalo wote huliita Pazia.

"Nilisahau chai jikoni ikaungua sufuria," anakumbuka. "Nikajiambia, kumbe miaka yote hii nauza vitumbua juu ya kitu kama hiki, na sijui!"

Akaomba kufundishwa, na wenzake wakamfundisha. Kwa miaka mingi akaingia na kutoka humo kama mtu anayepita sebuleni kwake, hadi ilipofika siku ya wastaafu.

Ilikuwa msimu wa mvua uliopita, ingawa siku yenyewe anga ilikuwa safi. Kikundi cha majirani wastaafu kilikuja kutembea. Miongoni mwao alikuwamo mkunga mmoja wa zamani, bibi mfupi mwenye fimbo na maneno mengi. Mama Tochi aliwashusha polepole, wakavuka kijito kidogo kinachokatiza njia, wakafika ukumbini. Hawakuwa hata wamelifikia Pazia pale taa za umeme zilipozimika.

"Kuzimika taa si ajabu, nilishazoea," anasimulia. "Kilichonishtua ni kijito. Sauti yake naijua kama ya mwanangu. Siku ile kilikuwa kinaongea kwa sauti nzito."

Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko milimani, na maji yake yalikuwa yamefika. Alipomulika nyuma, njia waliyopitia haikuwepo tena. Yalikuwepo maji tu, ya rangi ya udongo, yanapanda.

Upande wa juu wa ukumbi kuna kingo pana ya mwamba, kama roshani. Akaamua hapo hapo. Akawapandisha mmoja mmoja, huyu akimvuta mkono, yule akimsukuma mgongo. Alipomwinua wa mwisho, tochi, wakati ule akibeba moja tu, ilimponyoka ikazama. Wakawasha simu moja na kuzima nyingine zote ili chaji isiishe.

Baadhi walianza kulia. Mmoja akaanza kuaga wanawe kwa sauti. Ndipo mkunga akagonga fimbo yake kwenye mwamba.

"Nyamazeni mnisikilize," alisema. "Nimezalisha maisha yangu yote. Sijaona hata mmoja aliyebaki ndani. Vuta pumzi. Toa. Haya, wote!"

Giza zima likajaa pumzi za wazee wakivuta na kutoa, na katikati yake mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Mama Tochi alikuwa akiita majina yao kila baada ya muda, naye kila jina lilipoitikiwa alipata nguvu ya kuita linalofuata.

Huko nje, mlinzi wa geti aliona maji yakitoka kwa kasi bondeni, akapiga simu zimamoto. Jioni waokoaji wakaingia na kamba na taa. Wote walitoka salama, matope hadi kiunoni, hakuna aliyeumia. Mama Tochi alitoka wa mwisho. Alipokanyaga majani ya nje, akakaa chini na kulia kama mtoto.

Uongozi wa mji ulifunga pango, ukaweka taa za akiba na king'ora. Pia aliajiriwa mtu wa kuangalia mto huko juu, ambaye leo hupiga simu kila asubuhi kabla geti halijafunguliwa. Hakuna aliyemlaumu Mama Tochi. Lakini pango lilipofunguliwa tena, alishuka ngazi tatu, miguu ikagoma.

"Si kwamba niliogopa," anasema, kisha anajicheka. "Basi, niliogopa! Kichwa kinasema twende, miguu inasema nenda wewe."

Nyumbani alikuwa halali bila taa kuwaka. Mume wake, fundi baiskeli mpole asiye na maneno, alikuwa akijifunika taulo usoni apate usingizi.

"Miezi yote ile hakulalamika," anasema mkewe. "Asubuhi ananiuliza tu, mama watoto, umelala? Nikisema nimelala kidogo, anafurahi kama nimempa zawadi."

Msimamizi wake naye hakumfukuza. "Kaa getini ukate tiketi," alimwambia. "Nafasi yako ndani haiendi kokote." Akakaa. Mapato yake yalipungua karibu theluthi, kwa sababu bahashishi hutoka kwa wageni wa ndani. Lakini kilichomuuma ni kuwasikia wengine wakitoka wanasimulia Pazia.

Asubuhi moja ikatokea fimbo dirishani pa tiketi, kisha uso wa mkunga.

"Mwanangu, nimekuja kumalizia pango langu. Siku ile niliona nusu."

"Shikamoo mama! Ngoja nikuitie mwenzangu akupeleke."

"Marahaba. Huyo mwenzako simjui. Nataka wewe."

"Mama, mimi siku hizi siingii."

"Hata mimi naogopa," mkunga akajibu. "Tutaogopa wote. Kata tiketi."

Siku hiyo walifika ngazi ya tatu. Mama Tochi akasimama, jasho likimtoka. Mkunga hakumvuta wala kumhubiria. Alikaa kwenye ngazi, akafungua karanga zake, wakala huku wakizungumzia bei ya vitunguu na wakwe. Kisha wakarudi juu.

Wiki iliyofuata akaja tena, akakata tiketi tena. Wakashuka zaidi kidogo. Mlinzi wa geti akaanza kuwawekea mkeka. Watalii waliopita walidhani ni sehemu ya vivutio, wengine wakaomba kupiga nao picha.

Hatimaye, siku ambayo hakuna aliyeipanga, wakajikuta wamevuka kijito. Mama Tochi akamshika bibi mkono hadi mbele ya Pazia, akamulika kuanzia juu hadi chini. Mkunga akalitazama. Akapangusa miwani, akatazama tena.

"Ndiyo hili tu?" akauliza.

Mama Tochi anasema alicheka hadi akashika mbavu, na ukumbi mzima ukacheka nao kwa mwangwi. Usiku ule alizima taa chumbani, mumewe akadhani umeme umekatika.

"Namshukuru Mungu, namshukuru yule bibi, na baba watoto na taulo lake," anasema. "Wangeweza kunisukuma. Walinisubiri."

Sasa ana mpango mpya. Magoti ya mkunga yamechoka na ngazi hayaziwezi tena, na wapo wengi kama yeye mjini. Nyuma ya bonde, maji ya pango hutokea kwenye chemchemi safi yenye miti, mahali pazuri ambapo wageni hawafikishwi kwa sababu njia ni mbaya. Msimamizi amekubali njia hiyo isawazishwe, na wastaafu wameahidi kuja wa kwanza ikikamilika.

Mchana huu Mama Tochi yuko huko na jembe. Mumewe ameleta kiti cha magurudumu alichokiokota kibovu na kukitengeneza. Mkewe anaketi ili kuijaribu njia, anashika pembeni, na fundi baiskeli anamsukuma taratibu kuteremka kuelekea majini.

"Hapa panarusha," anasema Mama Tochi, akiruka chini na kuchukua jembe. Anachimba, anasawazisha kwa buti, kisha anakaa tena kitini. "Haya, baba watoto. Turudi juu, tuanze upya."