Muhuri Ulikuwa wa Kweli

Shemeji yangu si mjinga. Nalisema mapema kwa sababu mtaa umeshamcheka vya kutosha, na nikisikia tena mtu anamwita mjinga, tutavunjiana heshima hadharani. Ni mchonga mihuri. Miaka ishirini na sita amekaa katika chumba chake chembamba karibu na ofisi ya ardhi, wembe mkononi, akichonga majina ya watu kinyumenyume kwenye mpira. Tunamwita Duara, maana muhuri ukipinda hata kiduchu anautupa na kuanza upya, mteja apige kelele asipige. Mahakama ilishamwita mara mbili aseme muhuri upi ni wa kughushi. Alitazama kwa lenzi yake, akasema, na mtu akaenda jela.

Mkewe ni dada yangu, tumbo moja. Alikuwa akishona sare za shule mpaka macho yakaanza kumsaliti. Daktari alisema ni presha ya macho, tena hakuzunguka: "Kilichopotea hakirudi. Tukipasua kabla ya mvua, tutaokoa kilichobaki." Duara akauza pikipiki, dada akauza cherehani, fedha zikawekwa benki kungoja tarehe.

Mimi nauza vifungo na nyuzi mlango wa pili kutoka kwa Duara. Asubuhi moja akaniita.

"Shemeji, ingia ufunge mlango. Ukimwambia dada yako, mimi na wewe basi."

"Makubwa! Umeoa mwingine?"

"Acha utani. Soma."

Ilikuwa barua pepe kwenye simu yake. Eti anwani yake imechaguliwa kati ya mamilioni, ameshinda bahati nasibu ya kimataifa, fedha nyingi hata sikuweza kuzitamka. Ila kwanza alipe ada ya usajili ndani ya siku tatu, na kwa usalama wake asimwambie mtu. Kampuni ina jina refu la kutisha, lakini barua imetoka kwenye anwani ya bure, kama yangu mimi muuza vifungo. Nililiona hilo. Haki ya Mungu nililiona.

"Shemeji, hawa si matapeli?"

Hakunisikia. Alikuwa ameshachapisha cheti kilichoambatishwa, amekilaza chini ya taa, ameinama na lenzi.

"Hebu tazama hapa. Wino umefifia upande huu, maana yake mkono ulielemea kulia. Tarehe imekaa upande kidogo. Huu haukuchorwa na kompyuta, umegongwa na mtu, mezani. Na aliyeuchonga ni fundi, shemeji! Ona herufi zilivyopangana."

Alikuwa anamsifu fundi mwenzake, mwenyewe hajui anachofanya. Angeletewa cheti kisicho na muhuri angekifungia vitumbua. Kwa kuwa muhuri ulikuwa safi, hayo mengine yote hakuyatazama kabisa.

"Dada yako tutampeleka kwa madaktari wakubwa," akasema. "Na wewe nakununulia duka la maana, uachane na kibanda hicho."

Basi. Duka likanikaa kichwani. Ulimi wangu huu, ambao mtaa mzima unaujua kwa ukali, ukalala fofofo.

Akalipa ada kutoka zile fedha za upasuaji. Baada ya siku mbili wakataka kodi, akalipa. Wakataka bima, akamalizia zilizobaki. Walipoomba tena akawajibu hana kitu, na tangu hapo simu yao haikupatikana. Nilimsindikiza polisi. Afisa akakigeuza kile cheti mara mbili, akatuonea huruma.

"Mzee, muhuri ni wa kweli. Kampuni ndiyo haipo. Wewe mwenyewe mtu akikuletea fedha, si unamchongea jina lolote analotaka?"

Duara akatazama sakafu. Ndivyo afanyavyo, na wenzake wote ndivyo wafanyavyo. Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa amelogwa kwa dawa ya duka lake mwenyewe.

Tarehe ya upasuaji ilipofika, alimwambia mkewe kwamba hospitali imeahirisha. Akasema hivyo tena mwezi uliofuata. Mimi nikawa natikisa kichwa pembeni, "Hospitali hizi, dada, we acha tu." Mvua ikaanza. Kisha asubuhi moja dada akatuuliza mbona hatujafungua madirisha, na madirisha yalikuwa wazi tangu alfajiri. Nilikwenda jikoni nikajiziba mdomo kwa kanga.

Siku hiyo Duara alimweleza yote, akalia kama aliyefiwa. Dada hakulia. Aliniita nikae naye kitandani.

"Nisomee hiyo barua."

Nikasoma, neno kwa neno, pongezi, ada, siri. Nilipomaliza akauliza:

"Tiketi aliinunua lini?"

"Hakununua tiketi, dada."

"Sasa alishindaje mchezo ambao hakuucheza?"

Swali jepesi hivyo. Sikuwahi kumwuliza Duara, na Duara hakuwahi kujiuliza. Dada angemwuliza pale pale, angali amesimama mlangoni, na ndiyo maana wale mashetani waliandika asimwambie mtu.

"Na wewe," akasema, "ulijua lini?"

Niliwaza kumdanganya. Uso wangu asingeuona. Nilijichukia kwa kuliwaza hilo.

"Siku ya kwanza. Aliniahidi duka."

Akainuka kwenda uani. Nikampa mkono nimwongoze. Aliupapasa, akajua ni wangu, akauachia, akaenda zake ameshika ukuta.